Camena au Muse? Visasili vya Wayunani Mikononi mwa Warumi

Aghalabu visasili vya Wayunani na vya Warumi husomeshwa kana kwamba ni hazina moja yenye majina mawili. Mwanafunzi hupewa orodha: Zeus ni Jupiter, Hera ni Juno, Ares ni Mars, akishaikariri huhesabiwa kuwa ameelewa. Orodha hiyo si ya uongo, ila inaficha historia ndefu ya tafsiri, na tafsiri haiachi kitu kama ilivyokikuta.

Livius Andronicus, Myunani ambaye kwa mujibu wa mapokeo alifika Roma akiwa mtumwa, aliwaonyesha Warumi mwaka 240 K.K. mchezo wa kuigiza wa Kilatini uliofuata mtindo wa Kiyunani. Aliitafsiri pia Odyssey. Pale Homer alipomwomba Muse, Livius alimwomba Camena. Hao Camena walikuwa miungu wa kike wa chemchemi iliyokuwa nje ya lango la Capena, palepale Roma; hawakuwa mabinti wa Zeus. Kwa neno moja tu utendi wa kigeni ulipewa makazi, na bahari aliyoitumia, ya Saturnia, ilikuwa ya wenyeji vilevile. Ennius, aliyefariki mwaka 169 K.K., alilikataa suluhisho hilo: utenzi wake Annales ulifuata hexameta ya Homer na kuwaita Muse kwa jina lao la Kiyunani. Mgogoro huu wa wafasiri bado haujazeeka.

Si washairi peke yao waliowaoanisha miungu. Mwaka 217 K.K., baada ya Hannibal kuliangamiza jeshi la Roma kando ya ziwa Trasimene, dola iliyojaa hofu iliwaandalia karamu miungu kumi na wawili, wakalazwa wawili wawili vitandani. Neptune aliwekwa na Minerva, Mars akawekwa na Venus. Jozi hizo zina mantiki kwa anayejua ngano za Kiyunani: Poseidon na Athena walioshindania mji wa Athens, Ares na Aphrodite walionaswa wakizini.

Hapa ndipo tatizo lilipo. Katika Iliad, Ares ni mungu anayechukiwa na babake mwenyewe, tena anajeruhiwa na Diomedes, binadamu tu. Mars wa Warumi ni mtu mwingine kabisa: baba wa Romulus, mwenye mwezi wa Machi, na ambaye mkulima wa Cato humwomba ailinde mimea na mifugo yake. Kumwita Mars kwa ngano za Ares kulikuwa sawa na kumvisha mzee wa ukoo kashfa ya jirani.

Augustus alimzindulia Mars Mlipiza Kisasi hekalu mwaka 2 K.K., huku Venus akiheshimiwa kama nyanya wa ukoo wa Julius. Ovid naye alikisimulia kwa kicheko kisa cha wavu katika Ars Amatoria, kisha tena katika Metamorphoses. Mwaka 8 B.K. alihamishiwa Tomis, na kwa maneno yake mwenyewe mojawapo ya sababu ilikuwa shairi. Katika utetezi alioutuma kutoka huko, alimkumbusha Augustus kwamba ndani ya hekalu lake mwenyewe Venus amesimama ubavuni mwa Mars, na mumewe yuko nje mlangoni.