Wakala Afaye Kabla ya Mwenye Mali: Historia ya Mali ya Mzee Anayesahau, Bagamoyo na Mwambao Wake

Daktari anapoiambia familia kwamba mzee wao ana dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaokula kumbukumbu na hatimaye uwezo wa kuamua, familia hudhani imepewa habari moja. Kwa hakika imepewa mbili. Ya kwanza ni ya afya. Ya pili ni ya sheria: umebaki muda, mrefu au mfupi, ambao saini ya mzee huyo bado ni saini yake. Muda huo ukipita bila kutumika, shamba, nyumba, pensheni na hata fedha zilizomo katika simu yake zitakuwa mali ya mtu aliye hai ambaye hakuna awezaye kusema kwa niaba yake mpaka mahakama iseme.

Hoja ya makala haya ni kwamba pengo hilo lina historia. Mwambao wa Bagamoyo ulikuwa na utaratibu wake wa kulinda mali ya aliyepungukiwa na akili. Ukoloni uliuvunja vipande vipande, na dola huru ikarithi vipande hivyo bila kuuunganisha upya. Anayelipa gharama leo ni mzee wa Zinga, Kerege au Mapinga, ambaye ardhi yake imepanda thamani wakati uleule kumbukumbu yake inaposhuka.

Tuanze na utaratibu wenyewe. Katika miji ya mwambao, kuanzia Sadani mpaka Dar es Salaam, makadhi walihukumu kwa fiqhi ya Kishafii. Fiqhi hiyo ilikuwa na mlango mzima juu ya hajri, yaani kumzuia mtu kuitumia mali yake kwa sababu ya utoto, wazimu au upungufu wa busara. Msingi wake ni wa kale. Aya ya 282 ya Sura al-Baqara, inayoamuru deni liandikwe, imemkumbuka pia mdaiwa aliye dhaifu au asiyeweza kutamka mwenyewe: msimamizi wake ndiye aandikishe kwa uadilifu. Ni jambo la kuzingatia kwamba aya inayoamuru maandishi ndiyo hiyo hiyo inayomlinda asiyeweza kuandikisha.

Swali kubwa likawa: nani awe msimamizi? Fiqhi ya Kishafii ilijibu kwa mpangilio: baba, kisha babu mzaa baba, kisha aliyeusiwa nao, kisha kadhi. Kwa mzee wa miaka 70 ambaye baba na babu yake wametangulia mbele ya haki, mlinzi wa mali yake alikuwa kadhi, au mtu aliyewekwa na kadhi. Mtoto wa kwanza wa kiume hakuwa msimamizi kwa sababu tu ya kuzaliwa kwanza, na sababu yake ni rahisi kuielewa: mrithi ana maslahi katika mali, na mwenye maslahi hafai kujipa mwenyewe ulinzi. Wanaodai leo kwamba kwa desturi zetu mtoto mkubwa hushika kila kitu mzee anapochoka, wanasema jambo ambalo makadhi wa mwambao wasingelikubali.

Sambamba na hajri kulikuwa na wakfu. Mwenye nyumba au shamba la minazi aliweza, akili yake ikiwa timamu, kuifunga mali hiyo isiuzwe wala kurithiwa, akataja mtawalia wa kuisimamia na kuwapa manufaa watoto na wajukuu wake. Aliyeweka wakfu alijilinda dhidi ya wadai, dhidi ya jamaa na dhidi ya siku zake mwenyewe za baadaye. Hata akisahau kesho, hakuna ambaye angemshawishi auze, kwa kuwa hakikuwapo tena cha kuuza.

Wasio wa madhehebu hayo nao walijua kupanga mapema. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismailia aliyetajirika Bagamoyo kwa kuhudumia misafara ya bara, alifariki mwaka 1897 akiwa na umri wa miaka 46 hivi. Kabla ya hapo alikuwa ametoa jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba lihudumie watoto wa rangi zote, pamoja na msaada uliojenga hospitali ya Dar es Salaam iliyobeba jina lake, ambayo ndiyo chimbuko la Muhimbili ya leo. Sharti lililoandikwa na mtu mwenye fahamu lilidumu kuliko mwandishi wake.

Sisemi kwamba enzi hiyo ilikuwa pepo. Bagamoyo ilikuwa mji wa misafara na watumwa, na mtumwa hakuwa na mali ya kulindiwa. Kadhi naye aliweza kuhongwa kama hakimu mwingine yeyote. Bali wazo lenyewe lilikuwa kamili: mali ya asiyejiweza ina mlinzi anayejulikana, na mwenye akili ana chombo cha kuifunga mali yake kabla akili haijamtoka.

Mvunjiko ulianza mwaka 1888, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipokodishwa mwambao na Sultani wa Zanzibar. Miongoni mwa mambo yaliyowakasirisha wenyeji ni kanuni za kampuni zilizowataka wenye ardhi waithibitishe na kuiandikisha kwake. Vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Sadani vilikuwa na sababu nyingi, na hofu ya kupoteza ardhi ilikuwamo. Mwaka 1895 amri ya Kaisari ikatangaza kuwa ardhi isiyo na mwenyewe anayetambulika ni ya dola. Maliwali na makadhi waliachwa wakaendelea na kazi, lakini chini ya serikali ambayo kwake umiliki ulikuwa jambo la kuthibitishwa mbele ya afisa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyetoka Bagamoyo kwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, aliandika desturi za Waswahili pamoja na sheria zao katika kitabu kilichotolewa mwaka 1903. Desturi hizo zilikuwa zikiwekwa kwenye maandishi wakati ambapo nguvu yake ilikuwa ikihamia ofisini.

Waingereza walifuata wakiwa na sheria za India mkononi. Mwaka 1920 Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872 ilianza kutumika Tanganyika. Ndani yake mlikuwa na kanuni ndogo yenye madhara makubwa: uwakala hukoma aliyeutoa anapokufa au anapopoteza akili timamu. Kwa mfanyabiashara wa Bombay au London kanuni hiyo ilikuwa na mantiki, kwani wakala hawezi kutenda zaidi ya aliyemtuma. Kwa mzee anayesahau ni mtego. Hati anayompa mwanawe leo, ili amsaidie siku atakaposhindwa, hupoteza nguvu siku hiyo hiyo atakaposhindwa.

Wakfu wa familia nao ulipigwa. Mwaka 1894 Baraza la Mfalme mjini London, katika shauri kutoka India, lilikataa wakfu ambao manufaa yake yalikuwa ya familia na fungu la maskini likawa la jina tu. Waislamu wa India walipigania jambo hilo hadi sheria ya mwaka 1913 ikawarudishia haki yao. Afrika Mashariki haikupata nafuu hiyo wakati huo. Hukumu ya Baraza hilo hilo katika shauri kutoka Kenya, iliyochapishwa katika ripoti za mwaka 1952, bado iliifuata kauli ya 1894, na Kenya ilikuwa imelazimika kutunga sheria ya kuuhalalisha wakfu wa aina hiyo mwaka 1951. Kwa zaidi ya nusu karne, chombo ambacho mzee wa mwambao alikitegemea kilikuwa na ufa mahakamani.

Uhuru ulileta sheria mpya zenye mifupa ya zamani. Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961 iliifuata kwa karibu ile ya India, pamoja na kanuni ya kufa kwa uwakala. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha mfumo wa mahakama Tanzania Bara, na kadhi hakubaki na nafasi ndani ya mahakama za dola. Kulikuwa na sababu nzuri za kitaifa za kufanya hivyo. Lakini kazi ya kadhi ya kumlinda asiyejiweza ilihamia kwa mahakama zilizo mbali zaidi na mlango wa mzee. Leo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaruhusu mahakama kumteua msimamizi wa mali ya mtu mwenye maradhi ya akili. Njia ipo, lakini inahitaji maombi, ushahidi wa daktari, wakili na nauli, na mara nyingi hufuatwa baada ya shamba kuuzwa.

Hapo ndipo Bagamoyo inaporudi katikati ya hoja. Makubaliano ya bandari yalitiwa saini mwaka 2013 na jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015. Mradi ulisimama baadaye, lakini matarajio ya bei hayakusimama, na jiji la Dar es Salaam linaendelea kupanda kaskazini kwa barabara ya Bunju. Shamba la mihogo na minazi lililokuwa urithi limekuwa viwanja. Mauziano mengi hufanyika kwa karatasi, mashahidi wawili watatu na dole gumba. Dole gumba halisahau: alama ya mtu asiyejua leo ni siku gani inafanana kabisa na alama yake ya miaka 20 iliyopita.

Wala hili si tatizo la wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu zaidi ya milioni 55 wanaishi na dimenshia, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta ugonjwa huu kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Wengi wa wagonjwa hao hapa nchini huambiwa kwamba ni uzee tu, au kwamba wamelogwa.

Nini kifanyike? Kwanza familia ifahamu kwamba cheti cha daktari si hukumu. Sheria ya Mikataba huangalia akili ya mtu saa anapofanya mkataba, na humtambua hata yule ambaye akili humjia na kumtoka, mradi ametenda akiwa nayo. Kwa hiyo siku za mwanzo za ugonjwa ni siku za kazi. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mzee aandikishe mali na madeni yake. Aandike wosia mbele ya mashahidi, pamoja na maelezo ya daktari ya siku hiyo kuhusu uwezo wake wa kuelewa, na auweke mahali salama kama vile RITA. Ashughulikie hatimiliki au hati ya kimila. Aseme mbele ya familia, na iandikwe, ni nani angependa mahakama imteue, ili hakimu asije kukisia. Mke au mume akumbuke kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inazuia nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa yake. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili atafute msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Pili, Bunge lina deni. Uingereza, mojawapo ya chimbuko la kanuni hii, iliirekebisha kwake mwaka 1985, kisha kwa upana zaidi mwaka 2005, ikaruhusu uwakala unaoendelea kuishi baada ya akili kuondoka, ukiwa umesajiliwa na ukisimamiwa. Sisi tumebaki na kanuni ambayo waliotuletea wameiacha. Uwakala wa kudumu, utakaosajiliwa wilayani na kukaguliwa na mahakama ya karibu, usingekuwa jambo geni mwambaoni. Ungemrudishia mzee ulinzi ambao babu yake aliuomba kwa kadhi.

Watumishi wa umma mnaosoma makala haya, nanyi wenyeviti wa vijiji na mitaa, msisubiri Bunge. Kabla ya kugonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano ya mzee, muulizeni peke yake, jamaa wakiwa nje: unauza nini, kwa nani, kwa kiasi gani, na utaishi wapi? Akishindwa kujibu, muhuri urudi mfukoni.