Carole Karemera: Msanii Aliyerudi Kujenga Ukumbi

Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Methali hii yamfaa Carole Karemera, mwigizaji, mcheza dansi na mpiga saksafoni. Alizaliwa mwaka 1975 jijini Brussels, Ubelgiji, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa uhamishoni. Ghasia zilizoanza mwaka 1959 ziliwatawanya Watutsi wengi, na watoto wao wakaijua Rwanda kwa masimulizi tu.

Karemera alisomea sanaa za maonyesho mjini Mons. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipotokea mwaka 1994, alikuwa hajatimiza miaka ishirini. Baadaye alishiriki katika Rwanda 94, mchezo wa jukwaani wa kundi la Groupov la Ubelgiji, unaochukua takriban saa sita na ambao ndani yake manusura na wafu wanapewa nafasi ya kusema. Mwaka 2005 walimwengu walimwona katika filamu Sometimes in April ya Raoul Peck, akiigiza kama Jeanne, mke Mtutsi wa afisa wa jeshi Mhutu. Miaka kumi baadaye alisimama jijini Paris katika Battlefield, mchezo ulioongozwa na Peter Brook.

Kwa sifa hizo angeweza kubaki Ulaya. Yeye alihamia Kigali. Akiwa pamoja na wanawake wenzake, alianzisha kituo cha sanaa kiitwacho Ishyo. Neno hilo la Kinyarwanda maana yake ni kundi la ng'ombe, ndilo tulisikialo katika salamu ya "Amashyo!", ambayo kwayo twamtakia mwenzetu mifugo tele. Kituo hicho kiliwapa wasanii mahali pa kukutana, kikawapelekea watoto vitabu kwa maktaba ya gari.

Tafakari hasa kazi aliyoifanya na Cécilia Kankonda: kukusanya sauti za Wanyarwanda wakisimulia maisha yalivyokuwa kabla ya 1994. Kwa nini kabla? Kwa sababu aliyeuawa hakuwa maiti tangu kuzaliwa kwake. Alikuwa na michezo yake, jirani zake, wimbo alioupenda. Tukimkumbuka kwa kifo chake pekee, tumewaachia wauaji neno la mwisho juu yake.

Hapa ndipo lilipo somo la uraia. Kipaji humpatia mwenyewe jina; kikitumika kuwafungulia wengine nafasi ya kusema na kusikilizwa, huwa huduma kwa taifa. Nawe msomaji kijana wa Nyamyumba, kando ya Ziwa Kivu wamo wazee wanaokumbuka. Kaa nao. Waulize nani aliishi wapi, aliimba nini, alicheka vipi. Kisha andika, kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili, kabla sauti hizo hazijanyamaza.