Mbao Kuukuu na Mikebe Mitupu: Nilivyopanga Chumba Changu cha Kushonea Kofia

Mwaka juzi niliharibu kofia ya bwana arusi. Ilikuwa kofia ya mkono, kazi ya miezi mitatu, nami niliiweka ndani ya mfuko wa kitambaa juu ya mkebe wa maziwa niliotilia sindano. Nyumba yetu iko Mji wa Kale, Mombasa, karibu na maji, na hewa ya kwetu ina chumvi. Mkebe ukashika kutu, kutu ikapenya mfuko, na siku ya kukabidhi nikakuta doa la rangi ya udongo utosini. Nililisugua kwa ndimu na kulianika juani. Likafifia, lisitoke. Mamake bwana arusi hakunigombeza. Nilimrudishia pesa zake, akaenda zake, na kijana akafunga nikahi na kofia ya kuazima.

Mkebe haukuwa na kosa. Mimi ndiye sikuwa na mahali pa kuweka vitu. Nyuzi zilikuwa kwenye mifuko, vitambaa chini ya kitanda, mkasi popote ulipoangukia. Kabati jipya sikuliweza kwa bei, ndipo nikaanza kuangalia vinavyotupwa mtaani. Haya niliyojifunza huenda yakamfaa yeyote anayeshona, kudarizi au kusuka nyumbani.

Wazee wetu walilimaliza jambo hili zamani. Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ukuta wa chumba cha ndani ulijengwa zidaka, yaani vishubaka vilivyonakshiwa kwa chokaa, safu juu ya safu, vya kuwekea vyombo vya thamani. Lilikuwa pambo, na papo hapo mahali pa kuhifadhia. Nami nilitaka zidaka zangu, ila za mbao za kuokota.

Paleti za mizigo

Mji wa bandari haukosi paleti. Ziko nyuma ya maduka na kwenye magodauni, lakini omba kwanza, kwani iliyolazwa nje si lazima iwe imetupwa. Kisha tafuta muhuri ubavuni. Paleti za mizigo ya nje ya nchi hupigwa alama: HT maana yake mbao zilitibiwa kwa joto, na MB maana yake zilifukizwa kwa dawa ya methili bromaidi. Chukua za HT, acha za MB. Yenye madoa ya mafuta au harufu ya kemikali iache pia, hata kama alama yake ni nzuri.

Usizing'oe kwa pupa, mbao hupasuka penye misumari. Ingiza mtaimbo mdogo, gonga upande huu na ule mpaka msumari ulegee. Piga msasa, anika, kisha paka vanishi mara mbili. Paleti mbili zilinitosha kwa rafu moja yenye vyumba kumi na viwili, kila kimoja rangi yake ya uzi.

Mbao za ufukweni na za rangi ya zamani

Ubao uliotoka baharini una chumvi ndani. Uloweke kwenye maji baridi siku kadhaa, ukibadilisha maji, kisha ukaushe kivulini kwa wiki kadhaa. Chumvi ikibaki, ubao hunyonya unyevu na misumari huoza. Tumia skrubu za shaba au za chuma kisichoshika kutu.

Ubao wenye rangi ya zamani nao una hatari yake. Rangi za miaka ya nyuma huenda zikawa na madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Usiipige msasa ikiwa kavu. Kama huijui rangi hiyo, uache ubao wenyewe.

Kutundika ukutani

Hapa nilikosea mara ya kwanza. Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na msumari wa kawaida hautulii. Rafu yangu ilianguka usiku wa kwanza na kipande cha lipu. Sasa rafu nzito nazisimamisha sakafuni kwa miguu yake, na vitu vyepesi navining'iniza kwa kamba kutoka kwenye boriti. Acha nafasi ya vidole viwili kati ya rafu na ukuta ili hewa ipite, maana ukuta wa chokaa hutoa unyevu wakati wa masika.

Dirisha, chupa, ndara na mkeka

Ubawa wa dirisha kuukuu la mbao niliusimamisha pembeni. Katika fremu yake nilipigilia misumari iliyoinama juu kidogo, na hapo hukaa vibiringo vya uzi na mikasi.

Vifuniko vya chupa za jemu nilivifunga chini ya rafu, kila kimoja kwa skrubu mbili kisizunguke. Chupa hukazwa kutoka chini, na vifungo vyote huonekana. Mikebe ya bati sitii tena kitu cheupe. Iliyobaki niliipaka rangi ndani na nje, nikaivisha vipande vya kanga, na hutia kalamu, rula na chaki tu.

Soli ya ndara iliyokatika hushika pini vizuri sana. Jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa na kuzinduliwa mwaka 2018, lilivishwa ndara kuukuu kama 30,000, basi zangu mbili si ajabu.

Mkeka uliochakaa katikati bado una pembe nzima. Kata, lakini pindia kingo kwa kitambaa siku hiyo hiyo, la sivyo ukili hufumuka. Mimi nimetandika rafu kwa vipande hivyo, na juu yake natia karafuu chache kama alivyofanya bibi.

Kisichokatwa

Nyumba moja ya jirani ilipobomolewa nilipewa ubawa wa mlango wa nakshi. Nikautaka uwe meza ya kukatia vitambaa. Mjomba, ambaye ni seremala, alinikuta nimeshika msumeno.

"Mwanangu," akaniambia, "huu si ubao. Huu ni mlango wa watu."

Tulimtafuta mwenye nyumba, akauchukua. Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Milango ya nakshi na makasha ya zamani yana thamani kuliko rafu yoyote nitakayotengeneza, na mafundi wa kuyarudia hawazidi. Tena iko Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, inayokataza vitu vya kale kutolewa nchini bila kibali. Ukipewa kitu cha namna hiyo, kabla ya kukigusa waulize watu wa makumbusho, Fort Jesus au Lamu.

Siku hizi kofia iliyokamilika huivisha chupa kubwa ya kioo, nikaifunika kitambaa safi, isiguse chuma wala ukuta. Mwezi uliopita mamake yule bwana arusi alibisha hodi. Alisimama mlangoni akaitazama rafu kwa muda, kisha akanipa vipimo vya kichwa cha mwanawe wa pili.