Ndugu wa Damu, Ndugu wa Nafuu

Sheria ya Oman ya dawa za kulevya, iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 17 ya 1999, ina mlango wa huruma: mtumiaji akijipeleka mwenyewe kutibiwa, au akipelekwa na mwenzi wake au jamaa wa karibu, hafunguliwi mashtaka. Mjini Maskati, safari hiyo huishia Hospitali ya Al Masarra, kule Al Amerat. Familia ndiyo imekabidhiwa ufunguo.

Na familia hiyo hiyo ndiyo inayoficha. Katika nyumba za jamaa zetu wa Maskati wenye asili ya Unguja na Pemba, mama anajua fika dhahabu yake imekwenda wapi. Anahamishia sanduku kwa dada yake, na wageni wakimuulizia kijana, anajibu, "Ana homa kidogo." Anamsitiri kwa mapenzi ya kweli, huku mwanawe akizidi kuzama.

Unguja mambo yalikwenda kinyume. Mateja wengi walikuwa wameshafukuzwa majumbani, ndipo kuanzia 2009 zikaibuka soba hausi (nyumba za nafuu kwa wanaoacha unga), Suleiman Mauly, aliyepata kutumia unga, akiwa miongoni mwa waanzilishi. Humo wenzako wanakaa nawe kwa duara, unataja jina lako, unasema ulivyoamka. Hatua kumi na mbili wanazozifuata zina chimbuko lake Akron, Marekani, 1935, walipokutana walevi wawili, Bill Wilson na daktari Bob Smith. Mwenye arosto humsikiliza aliyepitia arosto. Mama hana maneno hayo, hata akilia usiku kucha.

George Vaillant, aliyeongoza kwa miaka mingi utafiti wa Harvard ulioanza 1938, aliwafuatilia walevi waliofanikiwa kuacha. Jambo mojawapo lililowasaidia ni uhusiano mpya, na mtu ambaye hawakuwahi kumuumiza. Kwangu hilo linaeleza mengi. Mama, mke, kaka: wote hao mgonjwa ana deni kwao, na kila akiwatazama usoni analiona. Aibu hiyo peke yake inatosha kumrudisha kwenye unga.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema Maskati haihitaji duara kama lile kwa kuwa koo bado zina nguvu. Koo zenye nguvu zimpeleke hospitali mapema, kisha zikubali kwa muda kwamba msiri wake awe mgeni aliyekwishapona. Unguja nayo ina pengo lake: kijana anatoka soba hausi akiwa safi, nyumbani hakuna anayemfungulia, anarudi maskani kwa wale wale. Huyo anamhitaji mama yule wa Maskati, anayempakulia chakula bila kumpekua mifuko.