Kozi za awali za uhandisi

Kozi za awali za uhandisi ni masomo yanayoweka msingi wa ufundi wa mitambo, umeme na ujenzi katika vyuo vya ufundi nchini Kenya. Kwa vijana wa Chepseon, mji wa Kaunti ya Kericho ulio kando ya barabara ya Kericho–Nakuru, ndizo njia ya karibu ya kuingia katika fani hiyo.

Ngazi. Mafunzo huanza kwa ufundi stadi, kisha cheti, halafu stashahada. Sheria ya mwaka 2013 iliunda mamlaka ya kusimamia vyuo na baraza la mitaala inayopima umahiri wa vitendo. Vyuo vya ufundi stadi, vilivyoitwa awali vyuo vya vijana, viko chini ya kaunti. Vyuo anuwai vya taifa viko chini ya serikali kuu.

Masomo. Mwanafunzi husoma hisabati, sayansi ya uhandisi, uchoraji wa kiufundi, usalama na kazi za karakana, kisha huenda kwenye mafunzo kazini.

Uhusiano na chai. Viwanda vya chai vya kaunti za Kericho na Bomet, kama Litein, Kapkatet na Mogogosiek, hunyausha, hukata, huchachusha na hukausha majani. Kazi hiyo huhitaji boila, feni, mota na mikanda. Mafundi hupima shinikizo la mvuke na kubadilisha beringi. Hivyo fizikia ya darasani hulinda uhai wa wafanyakazi na mapato ya mkulima.