Bomba Refu au Bomba Fupi? Somo la Kale Kutoka Mbio za Robo Maili

Ndugu wahitimu wenzangu, na ninyi wanafunzi mnaokalia leo madawati tuliyoyakalia sisi,

Mhariri aliniomba niandike jambo la historia. Wengine wataandika juu ya wafalme, vita na uhuru. Mimi, ambaye nimekaa miaka mingi katika karakana ya kufufua injini, nimeona niandike historia ya bomba. Bomba lenyewe ni lile linalopeleka hewa kutoka kwenye kabureta hadi kwenye silinda, ambalo sisi mafundi huliita manifoldi. Mara kwa mara hutujia kijana mwenye akiba yake mkononi, akitaka manifoldi kubwa kuliko zote, kwa imani kwamba kikubwa ndicho chenye nguvu. Jambo hilo lilikwisha kupimwa zamani, na jibu lililopatikana si lile analolitegemea kijana huyo.

Twende Detroit, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakati huo mbio za robo maili zilikuwa zimepata chama chake cha kitaifa, NHRA, kilichoanzishwa mwaka 1951 na Wally Parks. Magari mawili husimama sambamba, taa au bendera huyaruhusu, na anayetangulia kumaliza mita 402 ndiye mshindi. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Kosa dogo la injini haliwezi kufichwa na ustadi wa dereva.

Katika kiwanda cha Chrysler walikuwamo wahandisi vijana waliopenda mbio hizo. Baada ya saa za kazi walikutana wakaunda klabu iliyoitwa Ramchargers. Mmoja wao alikuwa Tom Hoover, ambaye baadaye jina lake lilifungamana na injini mashuhuri ya Hemi ya inchi za ujazo 426. Gari lao la kwanza lilikuwa Plymouth kuukuu ya mwaka 1949, wakaliita High and Mighty kwa jinsi walivyoliinua juu ya magurudumu yake ili uzito uangukie nyuma lianzapo kuondoka. Mwaka 1959 walilipeleka kwenye mashindano ya taifa yaliyofanyika mjini humo humo Detroit. Watu walilishangaa, maana juu ya injini yake palisimama mabomba marefu ya hewa, na kabureta zikakaa juu kabisa kama ndege kileleni mwa mnazi.

Mabomba yale hayakuwa urembo. Wanafunzi wa fizikia watakumbuka jaribio la uma wa sauti na mrija uliotiwa maji: hewa iliyomo mrijani huitikia kwa nguvu pale tu urefu wa mrija unapolingana na mlio. Mpiga filimbi naye ajua kwamba filimbi fupi hulia sauti ya juu, na ndefu hulia sauti ya chini. Bomba la injini lafuata kanuni iyo hiyo. Vali inapofunguka na pistoni kuvuta hewa, wimbi la shinikizo pungufu hukimbia kurudi juu bombani kwa mwendo wa sauti, karibu mita 340 kwa sekunde. Likifika mdomo wa bomba hugeuka kuwa wimbi la shinikizo kubwa na kurudi chini. Likiwahi kufika kabla vali haijafungwa, husukuma hewa ya ziada ndani ya silinda bila gharama yoyote. Likichelewa, hukuta mlango umefungwa.

Hesabu yake si ngumu. Bomba la sentimita 76 lina safari ya mita 1.52 kwenda na kurudi, nayo huchukua takriban sehemu 4.5 za elfu za sekunde. Bomba la nusu ya urefu huo huchukua karibu 2.2. Basi injini inayozunguka polepole yahitaji bomba refu, kwa kuwa vali zake hukaa wazi muda mrefu zaidi. Injini inayozunguka kwa kasi yahitaji bomba fupi. Upana nao una sheria yake: bomba jembamba huharakisha hewa injini ikiwa katika mwendo mdogo, lakini huibana mwendo unapokuwa mkubwa. Bomba pana hufanya kinyume chake.

Mwaka 1960 Chrysler iliyatoa maarifa hayo kwa wanunuzi katika gari la 300F. Kila kabureta ilikaa upande wa pili wa injini, mbali na silinda ilizozihudumia, ili bomba lipate urefu wa inchi 30, yaani hizo sentimita 76. Injini ya inchi za ujazo 413 ikatoa nguvu za farasi 375 katika mizunguko 5,000 kwa dakika, na nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 671 katika mizunguko 2,800 tu. Kwa wanunuzi wachache ilitengenezwa manifoldi ya pili. Kwa nje zilifanana, lakini ndani kuta zilizogawa njia za hewa zilikuwa zimefupishwa, urefu wenye kazi ukabaki inchi 15. Injini hiyo ilitoa nguvu za farasi 400 katika mizunguko 5,200, lakini nguvu yake ya kusokota ilishuka hadi nyutoni-mita 630, tena ikapanda hadi mizunguko 3,600 ndipo ikafikia kilele.

Hapo ndipo pana somo letu lote. Fupi lilishinda juu, refu likashinda chini. Anayeuliza lipi bora bila kusema gari litafanya kazi gani, hajauliza swali.

Lakini walijuaje? Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake, na kila fundi husifu kazi ya mikono yake. Kwa hiyo palihitajika shahidi asiye na upande. Shahidi huyo ni dainamomita, mtambo unaoizuia injini na kupima jinsi inavyoshindana na kizuizi hicho. Mfaransa Gaspard de Prony alibuni breki ya kupimia mwaka 1821, na Mwingereza William Froude akabuni ya maji mwaka 1877 kwa ajili ya injini kubwa za meli.

Shahidi huyo naye yafaa aulizwe vizuri. Badilisha manifoldi peke yake, na usiguse kitu kingine ila kurekebisha mafuta na moto kadiri kila manifoldi inavyotaka. Injini iwe na joto lile lile kila mara. Rudia kipimo, kisha mwishoni rudisha manifoldi ya kwanza uone kama matokeo yake yamebaki vile vile. Pima na hali ya hewa pia: injini ile ile ya kabureta ikipimwa Nairobi, takriban mita 1,700 juu ya bahari, hutoa nguvu pungufu kuliko Dar es Salaam, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi.

Zaidi ya yote, soma mstari mzima wa grafu, usisome kilele peke yake. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika mizunguko 4,500, 5,500 na 6,500, manifoldi ya kwanza inatoa nguvu za farasi 400, 420 na 430. Ya pili inatoa 360, 415 na 445. Kijana wetu atachukua ya pili kwa ajili ya ile 445. Lakini kila gia inapobadilishwa, injini huanguka hadi 4,500 na kuanza kupanda upya. Wastani wa ya kwanza ni kama 417, na wa ya pili ni 407. Katika mita 402, ya kwanza ndiyo itakayotangulia.

Chrysler waliendelea. Mwaka 1962 walitoa injini ya 413 kwa ajili ya mbio, yenye mabomba ya inchi 15 yaliyopishana, nayo ikatajwa kuwa na nguvu za farasi 410 au 420 kulingana na mgandamizo. Kwa mbio walichagua fupi, kwa kuwa injini ya mbio huishi juu. Ugomvi wa refu na fupi ulipata suluhu baadaye: mwaka 2001 BMW ilitoa injini ambayo bomba lake hujirefusha na kujifupisha lenyewe hatua kwa hatua kadiri mwendo unavyobadilika.

Wanafunzi, usisafirie nyota ya mwenzio. Manifoldi iliyomfaa jirani haikufai wewe mpaka gari lako na kazi yake viseme hivyo. Wale wa Detroit walikuwa vijana wenye gari kuukuu, nao walianza na kanuni ambayo ninyi mnafundishwa kwa mrija na maji. Mtakapofanya jaribio hilo muhula huu, andikeni kila kipimo daftarini, hata kile kisichowapendeza. Mtu anayeweza kuandika kipimo kinachompinga, huyo ndiye tunayemtafuta karakanani, na wa namna hiyo hawatoshi.