Kamusi Iliyonuka Kasumba

Katika riwaya ya *Babel* ya R. F. Kuang, iliyotoka 2022, wafasiri wa Oxford ya miaka ya 1830 ni wachawi. Huchonga neno upande mmoja wa kipande cha fedha, na tafsiri yake upande wa pili. Maana inayopotea katikati ndiyo hugeuka nguvu, na nguvu hiyo huendesha meli na viwanda vya Uingereza. Msomaji hufunga kitabu akinung'unika kwamba mwandishi katia chumvi. Uchawi ukiwekwa kando, hakutia hata ya kutosha.

Mhusika mkuu anatolewa Canton, Guangzhou ya leo. Huko, kumfundisha mgeni Kichina kulikuwa kuichezea shingo. Mwaka 1759 James Flint, Mwingereza aliyekijua Kichina, alipeleka malalamiko ya wafanyabiashara wenzake hadi Tianjin ili yamfikie Mfalme Qianlong. Flint alifungwa miaka mitatu, kisha akafukuzwa nchini. Liu Yabian, Mchina aliyemsaidia kuandika waraka ule, alikatwa kichwa.

Kwa hiyo mmisionari Robert Morrison alipotua Canton 1807, walimu wake walijua wanachokichezea. Inasimuliwa kuwa mmoja wao alitembea na sumu, ili akikamatwa aimeze kabla ya kuteswa. Morrison alikuja kwa ajili ya Biblia. Riziki aliipata 1809, alipoajiriwa kuwa mkalimani wa Kampuni ya India Mashariki. Kampuni ndiyo iliyogharamia kamusi yake, ikamleta Macau mpiga chapa, Peter Perring Thoms. Herufi za Kichina zilichongwa kwa mkono, moja moja, kwenye vipande vya madini.

Neno juu ya kipande cha madini! Kuang hakuhitaji kwenda mbali.

Juzuu ya kwanza ilitoka 1815. Wakati huohuo Kampuni ilikuwa ikinadi kasumba mjini Calcutta, na wachuuzi wakiiingiza China kwa magendo. (Kiswahili nacho kina ujuzi wake hapa: kasumba ni ile ya kuvuta, na ni ule ukoloni ulioganda kichwani.) Mwaka 1839 Lin Zexu, ofisa wa mfalme wa China, aliteketeza makasha ya kasumba zaidi ya 20,000 huko Humen, vita na Uingereza vikazuka. Mkataba wa Nanjing uliovimaliza ulipotiwa saini 1842, miongoni mwa wakalimani wa Uingereza alikuwamo John Robert Morrison, mtoto wa yule mwenye kamusi.

Vita vya pili vya kasumba vilizaa Mkataba wa Tianjin wa 1858. Kifungu cha 51 kilipiga marufuku Waingereza kuitwa *yi* katika nyaraka za serikali ya China. Wao walilitafsiri neno hilo kwa maana ya mshenzi, ingawa tangu 1832 ofisa mmoja wa Shanghai alikuwa amebishana nao kwamba si tusi. Ubishi wa namna hiyo ulikuwa umeshafungiwa mlango na kifungu cha 50: pakitokea tofauti ya maana, maandishi ya Kiingereza ndiyo sahihi.